Kengele ya Kitanda Kitupu

Nyambu binti Gikonyo alikuwa mtu wa woga, na hakuna aliyemjua ambaye angebisha. Alikuwa bado katika shule ya msingi mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, familia yao ilipoyaacha mahindi shambani Endebess ikaenda kulala kwenye uwanja wa kanisa mjini Kitale pamoja na majirani. Baadaye baba yake alirudi, akajenga upya, akasahau au akajifanya amesahau. Nyambu hakusahau. Kwa miaka mingi alilala na viatu miguuni, na mbwa wa jirani akibweka yeye alikuwa ameketi kitandani tayari, akisikiliza kama kuna wa pili atakayejibu.

Ni woga huo huo uliomfanya aipende kompyuta. Alipofika chuoni Eldoret akaanza kujifunza kuandika programu, alipata kitu ambacho hakukipata kwa binadamu. Mashine haikuwa na hasira wala haikuwa na jirani. Ukiiambia neno ilifanya neno hilo, leo na kesho, na ikikosea basi kosa lilikuwa lako na ungeweza kulitafuta ukalipata. Alikagua kila alichoandika, akarudia kukagua, mpaka Kiarie, kijana aliyemwajiri alipotoka chuo, akamwita Mama Kagua mbele ya wateja. Nyambu hakuchukia. Alidhani hilo ndilo jina zuri zaidi ambalo mtu angeweza kumpa.

Ofisi ya Kiarie ilikuwa orofa ya juu karibu na msikiti, mjini Kitale, juu ya duka la vipuri vya magari la jamaa mmoja mpole aitwaye Huzaifa. Walitengeneza kurasa za kompyuta kwa shule na kwa vyama vya wakulima wa maziwa. Kisha hospitali moja ndogo ya kulipia mjini Bungoma ikawapa kazi ambayo Nyambu aliiogopa tangu siku ya kwanza.

Hospitali ilikuwa na wodi ya watoto wachanga, wale waliozaliwa kabla ya wakati au waliozaliwa wakiwa hawana nguvu. Kila mtoto alifungwa mguuni kidude kidogo chenye mwanga mwekundu kinachosoma oksijeni ndani ya damu. Vidude vyenyewe vilikuwa vya bei nafuu, havina sauti. Hospitali ilitaka ukurasa kwenye kompyuta ya meza ya wauguzi, ambapo kila kitanda kina kisanduku chake: namba za mtoto, na taa. Oksijeni ikishuka, taa iwe nyekundu na kengele ilie.

Mfumo ambao Nyambu alitumia kujengea kurasa ulikihesabu kila kitu kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta, iwe kitufe, taa au mahali pa kuandika, kuwa kipande kinachojitegemea. Kila kipande hupewa kitambulisho, yaani jina la kukiitia. Mwandishi akitaka kukigusa huuambia mfumo, nitafutie kipande chenye kitambulisho hiki. Mfumo hukitafuta, hukileta, naye hukiwasha au hukizima. Mwanzoni ukurasa wa Bungoma ulionyesha kitanda kimoja kimoja, na taa yake Nyambu aliipa kitambulisho cha "taa", basi, kwa kuwa taa ilikuwa moja.

Halafu hospitali ikaomba vitanda vyote vionekane pamoja, ili muuguzi aliye mwisho wa wodi ainue macho tu na kujua ni mtoto gani wa kukimbilia. Nyambu akakichukua kile kisanduku akakirudia mara sita, kimoja kwa kila kitanda. Ofisini walikuwa na kidude kimoja cha kujaribia. Alikifunga kwenye kidole chake, akakifungua, na taa ya kisanduku cha kwanza ikawa nyekundu, kengele ikalia mpaka Huzaifa akauliza kutoka chini kama kuna moto. Kiarie alipiga makofi. Siku chache baadaye ukurasa mpya ulikuwa Bungoma ukifanya kazi.

Asubuhi ya tukio, Nyambu alikuwa amempeleka mama yake, Mary Ann, kwenye kliniki ya macho mjini Kitale. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake na sakafu ya ukumbi ilikuwa tope tupu. Walikuwa hawajapata hata pa kuketi simu yake ilipolia. Alikuwa Sista Nanyama, muuguzi mkuu wa ile wodi ya Bungoma, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi.

"Nyambu, sasa! Hii kitu yenu bana. Kengere ya kitanda cha kwanza inalia tu, inalia tu."

"Mtoto yuko aje?"

"Mtoto gani? Si hicho kitanda hakina mtoto! Huyo alienda nyumbani na mamake juzi. Kitanda ni kitupu, na taa inawaka, inazima, inawaka tena. Wamama wameanza kuogopa. Mmoja anasema ati kuna kitu kimekalia hapo."

Nyambu alicheka. Baadaye kicheko hicho kilimrudia mara nyingi kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. "Hakuna kitu, Sista. Ni kile kidude kimeachwa bila kuzimwa, kinasoma hewa. Bonyeza kitufe cha kunyamazisha kwa kisanduku cha kwanza. Nikirudi ofisini nitaangalia."

"Hebu... eeh. Imenyamaza. Asante, mamii. Ata kichwa ilikuwa imeanza kuniuma."

Simu ikakatika. Nyambu akampata mama yake mahali kwenye benchi karibu na dirisha, akasimama kando yake.

Muda si mrefu mlango wa chumba cha daktari ukafunguka na msichana mwenye koti jeupe akatoa kichwa nje. "Mary Ann!" akaita.

Mama yake alianza kujiinua taratibu, akiutafuta mkono wa bintiye, maana macho yake hayakuwa yakiona vizuri. Lakini mwanamke mwingine aliyeketi jirani kabisa na mlango, mnene, mwenye kofia ya sufu, alikuwa ameshasimama na kuingia. Mlango ukafungwa.

"Si ni mimi nimeitwa?" Mama akauliza.

"Labda naye ni Mary Ann, Mama. Ngoja kidogo."

Walingoja. Yule mwanamke alipotoka alikuwa anapangusa macho kwa leso na kunung'unika kwamba yeye alikuja kuchukua miwani tu, kwa nini wamemtia dawa. Msichana wa koti jeupe akatazama kadi aliyoshika, akamtazama yule mama, akashika kinywa. "Kumbe mko Mary Ann wawili? Pole, mama, mimi nimechukua wa kwanza kusimama."

Watu ukumbini wakacheka. Nyambu hakucheka. Alihisi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi kutoka utosini, yakishuka polepole mgongoni.

Mstari ule wa programu. Aliuona mbele ya macho yake kana kwamba umeandikwa kwenye ukuta wa kliniki. Mstari wa kutafuta taa aliuandika zamani, wakati kitanda kilikuwa kimoja, na hakuugusa tena. Haukusema, nitafutie "taa" ndani ya kisanduku cha mtoto huyu. Ulianzia juu kabisa ya ukurasa, ukashuka, na ukaichukua ya kwanza iliyojitokeza. Mfumo haukulalamika kwamba kuna taa sita zenye jina moja, kwa sababu kila kisanduku kilikuwa na uzio wake, yaani mpaka wa majina yake, na majina yakifanana kutoka uzio mmoja hadi mwingine si kosa. Mtoto wa kitanda cha pili akipungukiwa na oksijeni, itawaka taa ya kitanda cha kwanza. Wa nne, ya kwanza. Wa sita, ya kwanza. Ofisini alijaribu na kitanda cha kwanza peke yake, na kitanda cha kwanza kilijibu vizuri.

Kwa hiyo kile kitanda kitupu hakikuwa kikisoma hewa. Asubuhi nzima kilikuwa kikimlilia mtoto mwingine, na yeye Nyambu ndiye aliyesema kinyamazishwe.

"Mami, unaumwa?" Mama yake alikuwa amemshika mkono. "Mbona umekuwa baridi hivi?"

"Mama, kaa hapa. Usitoke. Nitamwambia Baba aje akuchukue."

Alitoka mpaka kwenye ngazi za nje akapiga simu ya Nanyama. Ikaita mpaka ikajikata. Akapiga tena. Akagusa jina lisilo lake, akakata, akaanza upya. Hakuna aliyeshika. Akampigia Kiarie.

Kiarie alisikiliza bila kumkatiza, na hilo peke yake lilimtisha, maana Kiarie hakuwa mtu wa kunyamaza. "Rekebisha kutoka hapo," alisema mwishowe.

"Siwezi. Ukurasa uko ndani ya mashine yao, na intaneti yao imepotea tangu mvua ya jana. Lazima mtu awaambie."

"Sawa, waambie. Lakini sikiza, Nyambu. Usiseme ni programu. Sema ni ukaguzi wa kawaida, waangalie watoto wote. Ukisema ni programu yetu, tumeisha. Wewe na mimi. Unanielewa?"

Alimwelewa, kwa kuwa hofu hiyo nayo alikuwa nayo. Akapiga namba ya mapokezi ya hospitali, na msichana wa mapokezi akaitikia kwa sauti ya upole, ya mtu anayeandika kitu kingine huku anaongea.

"Habari yako. Naitwa Nyambu, natoka kwa watu wa kompyuta, Kitale. Tunafanya ukaguzi. Naomba uwaambie wauguzi wa watoto wachanga waangalie watoto wote kwa mkono."

"Ukaguzi? Sista Nanyama yuko chumba cha upasuaji, kuna mama anajifungua. Akitoka nitamwambia."

"Na hakuna mwingine?"

"Kuna mwanafunzi pale. Lakini si ni ukaguzi tu? Akitoka nitamwambia, usijali."

Simu ikakatwa kwa adabu. Nyambu alibaki ameishika sikioni. Katika maisha yake yote alikuwa ameogopa sauti za nje, hatua za watu njiani, mlango unaosukumwa. Sasa hapakuwa na sauti yoyote. Alijua kwamba mahali fulani Bungoma, ndani ya chumba chenye joto na harufu ya maziwa, palikuwa kimya vile vile, na kwamba ukimya ule aliufanya yeye kwa mkono wake, mara ya kwanza kwa kusahau mstari, mara ya pili kwa kusema kengele inyamazishwe, na mara ya tatu kwa kutii maneno ya Kiarie. Akapiga tena.

"Ni mimi tena. Nisikilize. Si ukaguzi. Tumekosea kwenye programu. Taa zinadanganya. Kuna mtoto anakosa oksijeni sasa hivi na taa yake haiwaki. Kimbia uwaambie."

Kalamu iliacha kuandika. "Mtoto gani? Jina la mama ni nani?"

"Sijui."

"Yuko kitanda gani?"

"Sijui! Chochote isipokuwa cha kwanza. Dada, tafadhali, kimbia—"

Laini ikakatika. Alipojaribu tena aliambiwa mteja hapatikani. Hakujua ni neno lipi la mwisho lililofika.

Huzaifa alikuwa akipanga mitungi ya oili mbele ya duka Nyambu alipotokea mbio, viatu vimejaa matope. Hakuuliza mengi. Alimwangalia uso, akateremsha mlango wa duka, akatoa funguo za gari lake mfukoni. Walipita Kiminini mvua ikiwa imeanza tena, ya upepo, inayopiga kioo kutoka upande. Nyambu alimtumia baba yake ujumbe akamchukue Mama, kisha akapiga simu ya hospitali, akapiga, akapiga. Mtandao ulikuja na kwenda. Karibu na Kamukuywa Huzaifa alifungua mdomo.

"Ni mtoto wako, dada?"

"Hapana."

"Ni wa nani?"

"Sijui ni wa nani. Wako watano. Ni mmoja wao, au ni wawili, au..."

Huzaifa aliitikia kwa kichwa, na kutoka hapo midomo yake ilisogea bila sauti, akiomba dua, mikono imekaza usukani. Baada ya Webuye walikwama nyuma ya trela la miwa lililokuwa likipanda kwa kujikokota, na kila Huzaifa alipojitokeza pembeni kulipita, gari lingine lilikuja mbele. Nyambu alijikuta akihesabu pumzi zake mwenyewe. Alikuwa amesoma mahali fulani kwamba mtoto mchanga hupumua haraka zaidi ya mara mbili ya mtu mzima. Akajaribu kupumua hivyo, kichwa kikaanza kumzunguka, akaacha.

Alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Kwenye varanda ya wodi ya watoto wachanga wanawake walikuwa wamesimama kwa kundi, leso mabegani, na katikati yao mmoja ameketi kwenye benchi, mtandio umemwangukia, akilia bila kuficha uso. Mwenzake alikuwa akimsugua mgongo na kumwambia, "Aaliyah, nyamaza, Aaliyah, Mungu yupo." Alisimama kwenye mvua, hatua chache tu kutoka varandani, akijiambia kwamba akiendelea kusimama pale hajaambiwa lolote, na mradi hajaambiwa, haijatokea.

Nanyama ndiye aliyemwona kupitia dirishani. Alitoka akiwa bado na kofia ya chumba cha upasuaji, akamvuta mkono akamwingiza ndani ya mlango.

"Yuko hai," alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imeisha yote. "Kitanda cha tano. Yule msichana wa mapokezi alikuja akikimbia, anapiga kelele ati kuna mwanamke wa Kitale amerukwa na akili anasema tuangalie watoto wote. Mwanafunzi wangu akaangalia. Midomo ya mtoto ilikuwa imekuwa bluu, Nyambu. Bluu! Wakaniita, nikamwacha yule mama na daktari, nikampumulisha mtoto kwa mfuko wa kusukumia hewa. Akakataa. Akakataa tena. Halafu akalia."

"Alikaa hivyo kwa muda gani?"

"Hatujui. Hiyo ndiyo inaniua. Namba zilikuwa pale kwa kioo, ndogo-ndogo, lakini sisi tunaangalia taa. Si mlituambia tuangalie taa?"

Hapo Nyambu angeweza kusema lolote. Angeweza kusema ni mvua, ni umeme, ni kidude kibovu kutoka nje ya nchi, na Nanyama angemwamini, kwa kuwa alitaka kuamini. Daktari wa wodi alikuwa amesogea, na yule mama, Aaliyah, alikuwa ameinuka kwenye benchi akaja mpaka mlangoni. Nyambu alimwogopa mwanamke huyo kuliko alivyowahi kuogopa mtu yeyote. Alikuwa msichana tu, pengine mdogo kuliko yeye, macho yamevimba.

"Si kidude," Nyambu alisema. "Ni mimi. Taa zote niliziita jina moja, halafu nikaiambia mashine itafute jina hilo kuanzia juu. Ikawa inachukua ya kwanza kila wakati. Kitanda kitupu kilikuwa kinamlilia mtoto wa kitanda cha tano. Na Sista aliponipigia asubuhi, mimi ndiye nilimwambia anyamazishe."

Hakuna aliyemfokea. Alikuwa amejiandaa kufokewa. Nanyama alivua ile kofia akaikunja mikononi, akaikunja tena. Daktari aliuzima ukurasa papo hapo, akaagiza kila mtoto awe na mtu wa kumtazama namba zake kwenye kidude chenyewe, na wanawake wa varandani wakaitwa waketi kando ya watoto wao.

Nyambu aliomba aruhusiwe kurekebisha. Walimwekea kiti kwenye ujia, karibu na mashine kuu, naye akafungua kazi yake. Mstari ulikuwa pale pale, mfupi, wala hauonekani una ubaya wowote. Aliubadilisha ili utafutaji uanzie ndani ya kisanduku cha kitanda chenyewe na usivuke uzio wake, na kila taa akaipa kitambulisho chake peke yake. Ilikuwa kazi ndogo, aliimaliza kabla nguo hazijamkauka mwilini.

Alipoinua kichwa, Aaliyah alikuwa amesimama mbele yake.

"Taa ya mtoto wangu ni ipi?"

Nyambu alimwonyesha kwenye kioo. "Hii, mama. Kisanduku cha tano."

"Hata asubuhi mngesema ni hiyo." Hakusema kwa ukali. "Nionyeshe."

Kulikuwa na kidude cha akiba. Nyambu alikiunganisha na kisanduku cha tano akanyoosha kidole chake ili akifunge, lakini Aaliyah akakichukua, akajifunga mwenyewe. Namba zikapanda, taa ikawa ya kijani. Akakichomoa. Kwa kitambo hakuna kilichotokea. Kisha kisanduku cha tano kikawa chekundu na kengele ikapasua ujia mzima. Cha kwanza kilibaki kijivu, kimetulia.

"Tena," alisema Aaliyah.

Walirudia. Walirudia mpaka Nyambu akaacha kushtuka kengele ilipolia. Kisha Aaliyah akataka cha pili. "Hicho ni cha nani?" aliuliza, na alipoambiwa ni cha mtoto wa mwanamke wa Myanga, akamwita huyo mwanamke kutoka ndani, akampa kidude ajifunge. Wakaenda hivyo kisanduku baada ya kisanduku, kila mama akichomoa kwa mkono wake na kutazama taa ikiwaka mahali pake. Nanyama alisimama mlangoni akitazama.

Jioni, Huzaifa akimngoja nje ndani ya gari, simu ya Kiarie iliingia. Alikuwa amekasirika, na chini ya hasira ile Nyambu alisikia kitu alichokifahamu vizuri sana, kwa kuwa ndicho alichoishi nacho tangu utoto. Kiarie aliogopa. Hata hivyo siku iliyofuata alikuja Bungoma, amevaa tai, akaketi kando ya Nyambu mbele ya wakuu wa hospitali, na hakumkana. Alisema ofisi ilikosea. Wakuu waliuliza maswali magumu, wakasema ukurasa utabaki umezimwa mpaka wao wenyewe waridhike. Wakiwa njiani kurudi, Nyambu alisema anaacha kazi. Walikuwa wamefika Misikhu, Kiarie akapunguza mwendo.

"Ukiacha, mwingine atakuja, na yeye hajawahi kuona mtoto wa bluu," alisema. "Mimi mwenyewe sijawahi kumwona. Kaa."

Alikaa, ingawa si kwa sababu alipata amani. Kwa majuma mengi hakuweza kuandika neno "taa" bila mkono kusita. Mama yake alipata matibabu ya macho, akawa anaona vizuri kidogo, na jambo la kwanza aliloona ni jinsi bintiye alivyokonda. Mtoto wa Aaliyah alipelekwa Eldoret kupigwa picha za kichwa, akarudishwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Nyambu alimuuliza Nanyama habari zake kila walipoongea, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: ananyonya, analia kama wengine, lakini daktari bado anamfuatilia, kwa umri huo mtu hawezi kusema. Aaliyah hakumtafuta Nyambu, na Nyambu hakuthubutu kumtafuta.

Ukurasa uliwashwa tena siku ya jua kali, baada ya kila kitanda kujaribiwa na watu wasiojuana. Nyambu aliomba kukaa wodini mchana wote, nao wakamruhusu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na meza ya wauguzi, mikono mapajani, macho yakienda kutoka kisanduku hadi kisanduku na kutoka kisandukuni hadi kwenye vitanda vyenyewe, ambako watoto walilala chini ya vitambaa wakisogeza vidole vyao vyembamba.

Saa za alasiri kengele ililia. Kitanda cha pili. Nyambu alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake, kabla hajajua kwamba amesimama. Nanyama alikwenda moja kwa moja hadi kitanda cha pili bila kukimbia, akainama, akafunua kitambaa.

"Kaa chini, Nyambu," alisema, bila kugeuka. "Ni mguu umetupa waya. Huyu anapiga teke kama punda."

Alimfunga mtoto upya. Taa ikarudi kijani, kengele ikanyamaza yenyewe. Nyambu aliokota kiti, akaketi. Akaandika kwenye daftari lake kwamba kitanda cha pili kimefanya kazi.

Nanyama alipita nyuma yake akaenda kunawa. "Unakunywa chai?" aliuliza.

"Ndiyo, Sista," alisema Nyambu, macho yakiwa bado kwenye kioo.